Kioo cha Upande wa Dereva

Kila jioni gari likishaingia uani na kusimama mahali pake, chini ya dirisha la chumba cha mama, mshona viti huzima injini, huisubiri ikohoe mara ya mwisho, halafu hubonyeza swichi ya kioo. Hana njia nyingine ya kutoka. Kitasa cha ndani cha mlango wa dereva kilikufa zamani, na tangu hapo anayetaka kushuka sharti ateremshe kioo, atoe mkono nje na kujifungulia mwenyewe, kama mwizi anayeiba gari lake.

Kioo kikianza kushuka, mota hulia. Ni mlio mrefu, mwembamba, wa kitu kinachovutwa kwa nguvu nacho hakitaki. Kikifika katikati kinakwama. Yeye hakilazimishi. Hukiacha kipumue, huhesabu moyoni mpaka tano, hubonyeza tena, nacho humalizia safari yake kwa kunung'unika. Hapo ndipo sauti ya mama inapotoka dirishani:

"Ni wewe au ni yeye?"

"Ni mimi, mama."

"Haya. Ingia."

Ni hayo tu, na yamekwenda hivyo miaka minne.

Huyo "yeye" ni kaka yake, mwenye gari. Alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi kiwandani, akamkabidhi dada yake ufunguo na maneno mawili, "Nitunzie. Narudi." Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye kila mwezi, na sasa miezi minane ilikuwa inakatika bila hata salamu. Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia kabla kaka hajaondoka. Siku hizi mama anaona mwanga na vivuli, basi. Kilichobaki kikali ni masikio. Ana redio ndogo inayoongea mchana kutwa kandoni mwa kitanda chake, lakini mshona viti akirudi jioni huikuta imezimwa, nyumba kimya, na mama ameketi ukingoni mwa kitanda uso umeelekea dirishani.

"Anamsikilizia yeye," mshona viti hujiambia, na kila akijiambia hivyo kitu kidogo humchoma chini ya mbavu.

Asieleweke vibaya. Hakumwonea kaka yake kijicho. Naye alikuwa amemkosa. Kaka ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika gari hilihili, uani hapohapo, wakizunguka kama ng'ombe wa kinu huku mama akipiga kelele watamgongea ukuta. Lakini alitamani kitu kimoja, na alikitamani kimyakimya kama mtoto anayetazama peremende dukani: siku moja, hata moja tu, arudi kutoka kazini, na mama aseme, "Umerudi, mwanangu," pasipo mtu mwingine ndani ya sentensi hiyo.

Mota ilikufa asubuhi moja, kule gereji anakofanyia kazi.

Alikuwa ameegesha mbele ya kibanda chake, penye cherehani kubwa ya kushonea ngozi na viti vya magari vilivyopangwa ukutani bila magari yake, kama watu wanaosubiri kwa daktari. Akabonyeza swichi. Kioo kilishuka vidole vinne, kikalia mlio mfupi ambao hakuwahi kuusikia, kikanyamaza. Akakipumzisha. Akahesabu mpaka tano, kisha mpaka kumi. Hakuna kitu. Ikaja harufu ya waya ulioungua.

Ikabidi apitie upande wa abiria. Mtu mzima, na sketi yake, anapanda juu ya gia na breki ya mkono, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Dada," ikasema sauti nje, "unashuka au unazaliwa?"

Alikuwa Shoti, fundi umeme wa gereji, mwembamba kama waya zake mwenyewe. Jina hilo alilipata siku alipounguza pikipiki yake ya harusi akijaribu kuifungia taa za rangi. Hakulikasirikia, alisema ni tangazo la biashara la bure.

"Badala ya kunicheka ungenishika mkono."

"Nikushike nipigwe shoti?" Lakini alimshika, akamvuta nje, kisha akainusa hewa ya mlangoni kama mpishi. "Hii imekwenda. Hii wala haiumwi, imeshakufa. Imekulilia miaka mingapi, nawe unaitazama tu?"

"Ilikuwa inalia, lakini inafanya kazi."

"Kama mimi," alisema Shoti, akaenda kuchukua vifaa.

Aliyeufungua ubao wa mlango ni mshona viti mwenyewe. Alikuwa amevalisha vitambaa milango mingi kuliko wanaume wote wa pale, na hakutaka mtu wa pupa amvunjie vibanio. Alifungua skrubu mbili za mpini, akafungua na ile ya tatu inayojificha chini ya kifuniko kidogo, ambayo mafundi wenye haraka huisahau, kisha wakavuta na kupasua ubao. Akafunga ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa, akaipenyeza pembeni, akawa anatoa kibanio kimoja kimoja, tak, tak, tak, na kuvipanga juu ya paa la gari ili visipotee.

Alipougeuza ubao aone upande wa nyuma, aliona bonde.

Lilikuwa karibu na mahali pa kuegemeza mkono. Ubao ulikuwa umebonyea kwa ndani na kupasuka nyufa kama ganda la yai, upana wa ngumi. Kwa nje kitambaa kilificha. Kwa nyuma hapakuwa na cha kuficha.

"He!" Shoti aliinama. "Aliyekuwa na gari hili alikuwa anapigana na mlango?"

"Kaka yangu. Kioo kikikwama katikati alikuwa anapiga ngumi mbili. Kinaruka, kinashuka chote."

"Na wewe?"

"Mimi nakisubiri."

Shoti alimtazama, akatikisa kichwa. "Ndugu wa tumbo moja hao."

Mshona viti aliweka ngumi yake ndani ya bonde lile. Ilizama, na nafasi ikabaki pande zote. Alikaa hivyo kitambo kidogo, mkono wake ndani ya mkono usiokuwepo, mpaka Shoti akakohoa.

"Bandika utepe, nitoe mota. Kioo kikituangukia humo ndani tutakitafuta vipande vipande."

Wakakisukuma kioo juu kwa viganja, wote wawili, wakakishikilia kwa utepe mpana uliopita juu ya fremu na kurudi upande wa pili. Mshona viti akabandua nailoni iliyozuia maji, polepole, gundi yake nyeusi ikinyooka kama nyuzi. Ndani ya mlango mlikuwa giza na vumbi na mikono ya chuma iliyopishana kama mkasi, na kando yake springi iliyojikunja.

"Hapo usitie kidole," alisema Shoti. Alipitisha boliti kwenye tundu la mkono wa chuma, akaukaza usiweze kusogea. "Mota ndiyo inayoizuia springi hii. Ukiitoa bila kufunga, mkono unaruka. Nina rafiki yangu anahesabu mpaka tisa tu."

Akafungua boliti tatu, akachomoa plagi, akaitoa mota na kuilaza kiganjani. Ilikuwa ndogo. Mshona viti alishangaa. Miaka yote ile ya kilio alidhani ni kitu kikubwa, kumbe kinatosha kwenye mfuko wa aproni.

Shoti aliifungua kwenye benchi. Ndani mlikuwa mweusi kama sufuria la kuni. Kaboni mbili zinazoipa umeme zilikuwa zimeisha, zimebaki vipisi kama penseli ya mwanafunzi mwisho wa mwaka, na meno ya gia ya plastiki yalikuwa yameliwa upande mmoja.

"Sasa nisikilize," alisema. "Njia ziko mbili. Ya kwanza: nitafute kaboni, nizisugue zitoshe, nisafishe, nitie grisi. Itafufuka. Italia vilevile kama ilivyokuwa ikilia, itakwama palepale, na itakufikisha miezi mitatu minne tu. Ya pili: lile gari la nyuma pale, lililogongwa. Ni aina hiihii. Mlango wake wa dereva umekunjwa kama karatasi, lakini wa abiria ni mzima, na mota ya upande wa abiria haijatumika, abiria wenyewe walikuwa wapi. Naitoa, naifunga hapa. Hutaisikia tena."

"Haitalia?"

"Kimya kabisa. Utasahau kama una kioo."

Mshona viti alikwenda akakaa kwenye kiti cha dereva cha gari lile, kiti kilichochanika pembeni mpaka sponji inachungulia. Wateja walikuwa wakimtania sana kwa ajili ya kiti hicho: mshona viti wa gereji nzima, chake kimeoza. Hawakujua. Mama alikuwa amesema siku kaka alipoondoka, "Usibadilishe kitu kwenye gari la kaka yako. Alikute alivyoliacha." Naye alitii. Hakugusa kiti, hakugusa kitasa, hakutoa hata kijiti cha kuchokolea meno kilichosahaulika kwenye kisahani cha majivu.

Sasa aliitazama ile mota iliyofunguliwa, akajua vizuri sana anachochagua. Akiifufua, jioni italia, na mama atauliza. Akiibadilisha, kioo kitashuka kimya. Hapatakuwa na sauti ya kaka kwenye gari. Litakuwa gari linalokuja na mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye. Mama atauliza nini?

Aliinuka kitini, akarudi kwenye benchi.

"Toa ya lile gari," alisema.

"Umetumia akili."

"Sijui kama ni akili. Toa tu."

Walipoifunga mara ya kwanza, mshona viti alibonyeza kushusha. Kioo, walichokuwa wamekiteremsha nusu ili wakijaribu, kikapanda juu. Akabonyeza kupandisha. Kikashuka.

"Hii imeletwa kupinga," alisema Shoti, akacheka mpaka akakaa chini. "Ni ya kushoto, dada, nasi tumeitia kulia. Inafanya kila kitu kinyume. Ingekuwa mume, ungemrudisha kwao." Akageuza waya mbili, huu mahali pa ule, akaufunga kila mmoja utepe. "Haya, sasa mwambie tena."

Kioo kilishuka. Hakikulia, hakikukwama. Kilishuka kama mtu anayevuta pazia nyumba ya wagonjwa. Mshona viti alikipandisha, akakishusha, akakipandisha, na kila mara vidole vyake vilisita pale katikati, vikisubiri kukwama, na hapakuwa na kukwama.

"Na hiki kitasa cha ndani?" Shoti alikuwa ameingiza kichwa mlangoni. "Ni kamba tu imekatika. Mlango uko wazi, dakika tano nakuunganishia, hutahangaika tena na kutoa mkono nje."

"Acha."

"Bure kabisa, wala sikwambii..."

"Nimesema acha, Shoti. Siku nyingine."

Shoti alinyanyua mikono kama aliyeshikwa na askari. Mshona viti alirudishia nailoni, akaibana kwa kidole gumba pembe zote, akapachika vibanio, akakaza skrubu tatu. Ubao wenye bonde aliurudisha na bonde lake. Ile mota ya zamani, pamoja na gia yake iliyoliwa, aliifunga kwenye kipande cha ngozi nyeusi akaiweka kiti cha abiria.

Njiani kurudi alijikuta akifanya mazoezi ya kuitika. Mama atasema, "Umerudi?" Yeye atasema, "Nimerudi, mama." Aliyasema kwa sauti ndani ya gari, kwenye foleni, mpaka dereva wa jirani akamgeukia. Akanyamaza, akatazama mbele kama mtu aliyekuwa anaimba.

Akala kona ya mwisho, ile yenye shimo. Akaingia uani. Akasimama chini ya dirisha. Injini ikakohoa, ikatulia. Jua lilikuwa limeshuka mpaka nusu ya ukuta na nguo zilikuwa bado kambani. Redio ilikuwa imezimwa, kama siku zote.

Alibonyeza swichi. Kioo kikashuka chote.

Alingoja.

Pazia la mama lilitikisika kidogo kwa upepo. Ndani mtu alisogeza kitu, kikombe pengine. Hapakuwa na swali. Mshona viti alikaa mkono ukining'inia nje ya mlango, karibu na kitasa, bila kukivuta. Dakika ikapita. Alikuwa amelichukia swali lile siku elfu moja na zaidi, na sasa lilipokosekana, ua mzima ulionekana umehamwa. Akapandisha kioo. Akakishusha tena, polepole, kana kwamba mara ya kwanza mama hakuona. Kisha akakumbuka kwamba mama haoni, na kwamba leo amemnyima hata cha kusikia.

"Mbona hushuki?" sauti ya mama ikatoka. "Umegandia humo?"

Akajifungulia haraka, akasimama chini ya dirisha.

"Mama. Umejuaje ni mimi?"

"Swali gani hilo? Nani mwingine?"

"Leo hukuuliza."

"Niulize nini, kioo hakikulia?" Mama alisogea dirishani, vidole vyake vilishika ukingo wa chuma. "Umekifanya nini?"

"Mota iliungua. Nimeweka nyingine." Kisha, kwa kuwa alikuwa na deni la ukweli tangu asubuhi, akaongeza, "Ya zamani ingefufuka, mama. Fundi alisema. Mimi ndiye niliyekataa."

Vidole vya mama vilipapasa ukingo wa chuma.

"Nilichoka kukudanganya kwa sauti," mshona viti alisema. "Kila jioni unadhani ni yeye, halafu natokea mimi."

"Nani kakwambia nadhani ni yeye?"

"Si unauliza?"

"Hata siku moja sijadhani. Mtoto wewe, nimepofuka macho, sijapofuka masikio. Kaka yako alikuwa anaupiga mlango ngumi mbili, nyumba inatetemeka. Wewe unakibembeleza kama unanyonyesha mtoto. Kinalia, kinanyamaza, kinalia. Nilijua ni wewe tangu wiki ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unauliza nini miaka yote hii?"

Mama alipojibu hakuwa na ukali tena.

"Ndani ya nyumba hii nani anamtaja? Wewe humtaji. Unaogopa nitalia. Shangazi yako akija anazungumzia magoti yake mpaka anaondoka. Majirani wameacha hata kuuliza. Mtu akikaa hivyo bila kutajwa, anakuwa kama hajazaliwa. Nikasema basi, mimi nitamtaja. Mara moja kwa siku, kioo kikilia. 'Au ni yeye.' Nikishasema hivyo, nalala."

Nguo kambani zilipigwa na upepo. Mshona viti alitaka kusema kitu cha maana, lakini kilichotoka ni kile cha kitoto, kilichokaa chini ya mbavu miaka minne.

"Na mimi, mama? Mimi nani ananingoja?"

"Unanguruma na injini lako bovu tangu kule kwenye shimo," alisema mama. "Nikikusikia unaingia shimoni, nazima redio. Kila siku, hata wakiwa katikati ya habari. Sijui vita gani viliishaje. Wewe ulidhani nazima kwa ajili ya nani? Yeye akirudi, atafika mpaka shimo lile bila mimi kupewa taarifa?"

Mshona viti alikuwa ameegemea ukuta kwa paji la uso, na rangi ya ukuta ilikuwa bado na joto la mchana.

"Umeitupa?" mama akauliza.

"Hapana. Ipo."

"Nipe."

Aliifungua ngozi nyeusi, akampitishia mota ile dirishani. Mama aliipokea kwa viganja viwili, akaipima uzito, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya meno yaliyoliwa.

"Ndogo hivi?"

"Hata mimi nilishangaa."

"Kelele zote zile." Aliinusa, grisi na kuungua, akafumba macho yake yasiyoona. Kisha akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, upande wa ndani, mahali ambapo watu huweka chungu cha maua. "Ikae hapa. Akirudi ataulizia."

"Mikono yako imejaa grisi, mama."

"Basi njoo uninawishe, umesimama kama mgeni."

Kesho yake alifanya kazi mpaka jioni, akavalisha viti viwili vya lori, akamkatalia Shoti mara ya pili habari ya kitasa. Akarudi kwa njia ileile. Kwenye shimo la kona alipunguza mwendo, akaliingia kwa makusudi, gurudumu moja, kisha la pili, injini ikanguruma. Akatabasamu peke yake.

Uani alizima gari. Nyumba ilikuwa kimya. Dirishani, nyuma ya pazia, palionekana kivuli cha kichwa cha mama na kando yake kivuli kidogo cha ile mota. Akashusha kioo. Kilishuka bila neno, na safari hii hakungoja. Alitoa kichwa nje, akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ya kutosha kufika ndani:

"Bado si yeye, mama. Ni mimi."

Kukapita kitambo, urefu wa pumzi mbili. Katika kitambo hicho wote wawili walikuwa wakisikiliza, yeye garini, mama kitandani, na kilichokuwa kikisikilizwa hakikuja. Ua ulikuwa na sauti ya nguo kambani tu.

"Nimesikia," alisema mama. "Ingia, mwanangu."

Mshona viti akatoa mkono nje, akatafuta kitasa, akajifungulia.